Kifungoni mwa Barafu: Merikebu Belgica na Miji ya Pengwini

Msomaji mpenzi, barafu umeiona wapi? Mtu wa Lubumbashi atajibu: katika gilasi ya kinywaji. Mtu wa Bukavu atasema: katika mvua ya mawe, ile ipigayo mabati kwa kishindo na kuharibu maharage shambani. Watu wa Beni na Mutwanga ndio wenye bahati, maana asubuhi mawingu yakifunuka huiona barafu ya kweli ikimeta juu ya vilele vya Ruwenzori. Lakini barafu ile ni kama kofia ndogo juu ya kichwa cha mzee, na kofia yenyewe inazidi kupungua mwaka kwa mwaka.

Sasa waza nchi kubwa kuliko Kongo yetu mara sita, ambayo karibu yote imefunikwa na barafu, na unene wa barafu hiyo ni kilometa mbili hivi. Hakuna kijiji, hakuna shamba, hakuna mti hata mmoja. Nchi hiyo iko chini kabisa ya dunia, upande wa kusini, nayo huitwa Antaktika. Hakuna kabila la watu lenye asili yake huko. Wenyeji wake ni sili, ndege wa baharini, na hasa yule ndege wa ajabu asiyeruka, atembeaye wima kama mtu, aliyevaa koti jeusi na shati jeupe kama bwana arusi: pengwini.

Leo tutawasimulia habari za merikebu moja ndogo iliyokwenda huko kutafuta elimu, ikafungwa na barafu kwa muda wa mwaka mzima. Tutawaeleza pia jinsi watu wake walivyookolewa na nyama ambayo mkubwa wao hakutaka hata kuionja.

MERIKEBU NA WATU WAKE

Mkubwa huyo aliitwa Adrien de Gerlache, Mbelgiji, mzaliwa wa Hasselt mwaka 1866. Tangu ujana wake moyo wake ulikuwa baharini. Katika siku zile ramani za dunia zilikuwa na doa kubwa jeupe upande wa kusini, maana hapakuwa na mtu aliyejua kama ni nchi kavu au bahari iliyoganda. De Gerlache alitamani kwenda kutazama. Ila mali hakuwa nayo. Kwa miaka kadhaa alizunguka akiomba: tajiri Ernest Solvay akatoa fungu lake, watu wa kawaida wakachanga kidogo kidogo, mwishowe serikali ikaongeza.

Mwaka 1896 alinunua huko Norwei merikebu ya mbao iliyokuwa ikitumika kuwinda nyangumi. Jina lake lilikuwa Patria, naye akaibadili jina kuwa Belgica. Ilikuwa na milingoti mitatu na mtambo mdogo wa mvuke. Urefu wake ulikuwa meta 36 hivi tu. Mtu angetembea toka mwisho hata mwisho kabla hajamaliza kuimba ubeti mmoja wa wimbo.

Tarehe 16 Agosti 1897 Belgica iling'oa nanga Antwerp. Waliokuwamo walikuwa watu wa mataifa mbalimbali. Georges Lecointe, Mbelgiji, alikuwa wa pili baada ya mkubwa, na kazi yake ilikuwa kupima nyota ili kujua mahali walipo. Émile Danco, Mbelgiji naye, rafiki mkubwa wa de Gerlache, alipima nguvu za sumaku ya dunia. Emil Racoviță, Mrumania, alichunguza wanyama na mimea. Henryk Arctowski na Antoni Dobrowolski, Wapolandi, waliangalia hewa, upepo na mawingu. Miongoni mwa Wanorwei alikuwamo kijana wa miaka 25 aitwaye Roald Amundsen. Na huko Rio de Janeiro akapanda mganga wao, Mmarekani, Bwana Frederick Cook.

Fikirini wenyewe: watu kumi na tisa, lugha tano au sita, wamebanana katika chombo kimoja. Kila mmoja ana desturi zake, chakula apendacho na kisa kinachomwudhi. Shuleni tunajua jinsi ilivyo vigumu kulaza wavulana ishirini katika bweni moja kwa amani. Wale walikuwa watu wazima, na mlango wa kutokea haukuwapo.

KATI YA VISIWA

Mnamo Januari 1898 wakaiona milima ya kwanza ya barafu ikielea baharini. Furaha yao haikudumu. Tarehe 22 mwezi huo, katika tufani, kijana mmoja wa Norwei, Carl August Wiencke, alikuwa akizibua matundu ya kutolea maji sitahani. Wimbi likamchukua. Akashika kamba, wenzake wakamvuta hata ubavuni mwa merikebu. Lecointe akafungwa kamba akateremshwa katika maji yale ya baridi kali ili amkamate, lakini mawimbi yakamnyang'anya mkononi mwake. Leo kisiwa kimoja kati ya vile walivyovipima kinaitwa kwa jina la kijana huyo.

Baada ya msiba huo wakaingia katika mlango wa bahari ambao ramani hazikuwa nao. Kuume na kushoto ilisimama milima myeupe, na maji katikati yalitulia kama maji ya Ziwa Kivu alfajiri. Wakashuka pwani mara ishirini hivi, wakachora ramani, wakakusanya mawe, kuvu na mimea midogo. Visiwa vikubwa wakavipa majina ya kwao: Brabant, Anvers, Liège. Mlango wenyewe siku hizi unaitwa Mlango wa Gerlache.

Hapo ndipo Racoviță alipoona miji ya pengwini.

Nasema miji, na sikosei. Kabla hujaiona, unainusa: mavi ya ndege maelfu, mekundu kwa sababu ya chakula chao, yameenea miambani, na harufu yake hufika baharini. Halafu unasikia kelele kama za soko kubwa siku ya Jumamosi. Ndipo unapowaona, wamesimama wima, mmoja karibu na mwenziwe, kila wawili na kiota chao. Kiota si cha majani wala vijiti, kwa maana huko hakuna majani. Ni duara la vijiwe. Kijiwe kizuri ni mali kubwa katika mji huo. Dume akitaka kumpendeza jike humletea kijiwe mdomoni, akakiweka mbele yake kwa adabu, kama kijana apelekaye mahari. Na kama jirani amegeuza kisogo, basi yuko mwizi anayenyata, anyakue jiwe, arudi nalo upesi kana kwamba hakuna lililotokea.

Racoviță aliona aina mbili zilizokaa karibu karibu, akazichunguza kwa macho makali na moyo wa kupenda kucheka. Aina ya kwanza ina mstari mwembamba mweusi chini ya kidevu, kama kamba ya kofia ya askari. Hao, alisema, ni watu wa ugomvi: kila mmoja na mpaka wake, na jirani akivuka kwa hatua moja ni matusi na kupigana. Aina ya pili ina doa jeupe juu ya kichwa na mdomo mwekundu. Hao wanaishi kwa ushirika zaidi. Watoto wao wakikua kidogo hukusanyika kundi moja, na wakubwa wachache huwalinda, wazazi wengine wakienda zao baharini kuvua. Msomaji atajiuliza mwenyewe mtaa wake unafanana na aina ipi.

Mama au baba arudipo toka baharini, tumbo limejaa vijidudu vya maji vifananavyo na kamba wadogo, humkuta mtoto wake katikati ya mamia ya watoto wa rangi moja na umbo moja. Atamjuaje? Kwa sauti. Huita, na mtoto wake huitika, nao hawadanganyiki.

Huko Racoviță aliokota pia mdudu mdogo mweusi asiye na mabawa, urefu wake milimeta chache tu. Ni kama usubi usiojua kuruka. Wataalamu wakampa jina la merikebu yenyewe, Belgica antarctica. Usicheke udogo wake: katika bara lile zima, ndiye mnyama mkubwa kupita wote waishio nchi kavu tu mwaka mzima. Pengwini na sili huishi kwa bahari, bali yeye hana kwake pengine.

MLANGO UNAFUNGWA

Majira ya kiangazi yalikuwa yanakwisha. Kule kusini kiangazi huwa Desemba na Januari, na Machi baridi huingia. Nahodha mwenye busara angegeuza chombo. Lakini de Gerlache alitaka kufika mbali zaidi kuliko wengine. Mwisho wa Februari, tufani ilipopasua barafu na kuacha njia nyeusi za maji, akaelekeza merikebu ndani. Mabwana wa elimu walikuwa na hofu, na mabaharia walinung'unika. Mwanzoni mwa Machi 1898 njia zikajifunga nyuma yao. Wakajaribu kurudi, wasiweze. Belgica ikawa kama mbegu iliyoshikwa katika tope lililokauka.

Walikuwa katika bahari iitwayo Bellingshausen, mbele kidogo ya digrii 71 za kusini. Hakuna mtu aliyewahi kukaa majira ya baridi ndani ya barafu ya bahari ile. Mavazi ya baridi hayakuwatosha wote. Redio haikuwapo bado, wala hakuna aliyejua mahali walipo.

Basi wakapanga maisha. Theluji ikarundikwa ubavuni mwa merikebu ili kuzuia upepo. Juu ya barafu wakajenga vibanda vidogo vya kupimia. Kila saa, mchana na usiku, mtu alitoka kusoma kipimajoto na kuandika upepo, mawingu na uzito wa hewa. Wengine walitoboa tundu katika barafu, wakateremsha bildi kupima kina cha bahari, na nyavu kutafuta viumbe vya chini. Barafu yenyewe haikutulia. Upepo uliisukuma huku na huku, na merikebu ikasafiri pamoja nayo bila kutweka tanga.

Pengwini walikuja kuwatazama. Hawa hawakuwa wale wa visiwani. Walikuwa aina mbili za barafuni: wale wadogo waitwao Adélie, wenye duara jeupe kulizunguka jicho, na wale wakubwa waitwao pengwini wa kifalme wa barafu, ambao kimo chao chaweza kupita meta moja na uzito wao kufika kilo 40. Hawakuogopa watu, kwa maana juu ya barafu hawakumjua adui yeyote mwenye miguu. Tena walipenda muziki! Tarumbeta ilipopigwa kuwaita mabaharia mezani, pengwini walikuja moja kwa moja hata merikebuni, wakasimama kusikiliza, na wimbo ulipokwisha wakaenda zao. Maskini, hawakujua kwamba wataitwa mezani kwa namna nyingine.

USIKU WA SIKU SABINI

Tarehe 17 Mei 1898 jua likashuka, lisipande tena. Huko karibu na ncha ya dunia ndivyo ilivyo: katikati ya majira ya baridi jua halifiki juu ya upeo wa macho. Adhuhuri kunaonekana mwanga hafifu kama wa mapambazuko, kisha giza. Giza hilo lilidumu siku sabini hivi.

Sisi tunaozaliwa karibu na mstari wa ikweta, jua kwetu ni kama mzee mwaminifu. Saa kumi na mbili amefika, saa kumi na mbili ameondoka, mwaka hata mwaka. Ni vigumu kufahamu moyo wa mtu unakuwaje akiamka gizani, akila gizani, akifanya kazi gizani. Wale watu wakaanza kunyamaza. Hadithi zote zilikwisha kusimuliwa, mizaha yote ilikwisha kuchoka. Sauti ya mwenziwe akitafuna ilimchukiza mtu. Usiku walisikia mbao zikilia kwa nguvu ya barafu iliyobana pande zote, wasijue kama kesho merikebu itakuwa nzima.

Ndipo miili nayo ikaanza kuharibika. Nyuso zikawa za manjano na kuvimba. Miguu ikajaa maji. Ufizi ukalegea na kutoka damu. Mioyo ilipiga mbio kwa kupanda ngazi tu. Danco, ambaye moyo wake haukuwa na nguvu tangu zamani, alikata roho tarehe 5 Juni. Wakamshona katika kitambaa, wakamvuta juu ya barafu kwa kigari cha theluji, wakatoboa tundu, wakamteremsha katika maji meusi. Hata paka wa merikebu, jina lake Nansen, aliyekuwa mpenzi wa wote, alibadilika tabia, akakataa kubembelezwa, akafa mwezi huohuo. Mwezi wa Julai de Gerlache na Lecointe walikuwa wamelala kitandani, kila mmoja amekwisha kuandika wasia wake.

DAWA YENYE MIGUU MIWILI

Ugonjwa huo unaitwa kiseyeye. Leo mwanafunzi wa sekondari anajua asili yake: ni kukosa vitamini C, iliyomo katika mapera, machungwa, maembe, nyanya, sombe na mboga nyingine. Vitamini hiyo haikutambuliwa na wataalamu mpaka miaka ya 1928 hata 1932. Katika mwaka 1898 wengi walidhani kiseyeye ni sumu ya chakula kilichoharibika makoponi.

Bwana Cook hakujua neno vitamini. Lakini alikuwa amekaa kaskazini ya dunia pamoja na Waeskimo, watu wasiokuwa na bustani wala mti wa matunda, naye alikuwa ameona kwamba hawaugui kiseyeye. Wanakula nini? Nyama mbichi ya wanyama wa baharini. Basi akasema: dawa yetu inatembea hapo nje kwa miguu miwili. Tule pengwini na sili, na tusiipike mno.

De Gerlache akakataa. Harufu ilimchukiza, na rangi nyeusi ya nyama ile ilimkinaisha. Naye alikuwa mkubwa: alichokikunjia uso mkubwa, wadogo nao hukikunjia uso. Kwa hiyo nyama iliachwa, watu wakaendelea kula samaki laini na nyama za makopo, huku nguvu zao zikipungua kila siku. Cook mwenyewe hakuwadanganya kwamba ni tamu. Aliandika kwamba ladha yake ni kama nyama ya ng'ombe, samaki mwenye harufu na bata, vyote vimepikwa chungu kimoja pamoja na damu na mafuta ya samaki.

Ugonjwa ulipofika karibu na mauti, Lecointe ndiye aliyekubali kwanza. Akamwambia mganga kwamba atafanya lolote atakaloamriwa. Cook akampa nyama ya pengwini iliyopashwa moto kidogo, akamketisha karibu na jiko lililowaka, saa nzima kila siku, ili mwili upate joto na mwanga. Baada ya siku chache Lecointe akaanza kuinuka. Wengine wakaona, wakafuata. Mwishowe de Gerlache naye akala, akifumba macho kama mtoto anywaye kwinini. Akapona.

Tusipite hapa upesi. Watu hawa walikuwa na elimu, vitabu na vyombo vya kupimia nyota. Nusura wafe kwa sababu ya kitu ambacho nyumbani kwetu kila mama anapigana nacho, yaani “mimi chakula hicho sili”. Wakaponywa na elimu ya watu ambao wengi wa Ulaya katika siku zile waliwaita washenzi. Cook alikuwa amekaa kwao, akatazama sufuria zao bila dharau. Hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yake kubwa.

Tarehe 23 Julai jua likaonekana tena, ukingo mwembamba tu. Watu walipotazamana katika mwanga huo walishangaa jinsi walivyozeeka. Na baridi ilikuwa bado haijafika kileleni: mwezi wa Septemba kipimajoto kilishuka hata digrii 43 chini ya sifuri.

Mabaharia wawili au watatu akili zao zilitetereka, na mmoja hakupata tena nafuu ya kweli. Nyama iliponya ufizi na moyo. Giza na hofu havikuwa na dawa nyepesi.

MSUMENO NA BARUTI

Kiangazi kikarudi, lakini barafu haikufunguka. Mwanzoni mwa 1899 wakaelewa kwamba majira ya baridi ya pili yatawamaliza wote. Yapata meta 700 toka merikebu palikuwa na maji wazi. Wakaamua kuchimba mfereji. Barafu ilikuwa nene kupita kimo cha mtu. Wakagawana zamu, wakubwa na wadogo, mabwana wa elimu na mabaharia, wakakata kwa misumeno mikubwa, wakapasua kwa baruti, wakisukuma vipande majini. Mwezi mzima kazi iliendelea mchana na usiku, maana sasa jua lilikuwa haliondoki. Na chakula kilichowapa nguvu za kuvuta msumeno kilikuwa ile nyama ya pengwini na sili.

Katikati ya Februari Belgica ikatoka shimoni mwake. Hata hivyo barafu ikaishika tena kwa mwezi mmoja, mawimbi yakiigonga barafu kwenye mbavu zake. Tarehe 14 Machi 1899 ikafika bahari wazi. Tarehe 5 Novemba mwaka huohuo ikaingia Antwerp, na mji mzima ukawa pwani.

Walileta nini? Hawakuleta dhahabu wala pembe. Walileta madaftari: hali ya hewa ya mwaka mzima kule barafuni, iliyoandikwa saa kwa saa, ambayo hakuna aliyewahi kuwa nayo, ramani za visiwa, kina cha bahari, mamia ya viumbe. Kazi ya kuyachapa yote ilidumu miaka mingi. Amundsen alijifunza huko jinsi ya kuishi katika baridi, na tarehe 14 Desemba 1911 yeye na wenzake wanne walikuwa watu wa kwanza kukanyaga ncha ya kusini ya dunia. Cook baadaye alipatwa na aibu, akatiwa gerezani Marekani kwa hila za fedha. Mwaka 1926 Amundsen, mtu maarufu wa dunia nzima, alikwenda gerezani kumtazama. Hakusahau ni nani aliyewalisha.

BABA ALINDAYE YAI

Watu wa Belgica walikaa karibu na pengwini wale wakubwa wasijue siri yao. Siri hiyo ilianza kufunuliwa mwaka 1902, wakati Waingereza walipoona mara ya kwanza mahali wazaliapo. Ndege wengine wa huko hungoja joto ili watage. Huyu hutaga gizani, katikati ya majira ya baridi, juu ya barafu ya bahari, bila kiota.

Mama hutaga yai moja, akampa baba, kisha akaenda zake baharini kutafuta chakula. Baba huliweka juu ya nyayo zake na kulifunika kwa ngozi ya tumbo. Husimama hivyo siku 65 hivi. Hali kitu. Tangu afike mahali pale hata mama arudi, hufunga muda wa miezi mitatu na zaidi, naye hupungua karibu nusu ya uzito wake. Tufani ikija, akina baba maelfu hukusanyika, kifua kwa mgongo, na kundi zima husogea polepole, walio nje waingie ndani na walio ndani watoke nje, hata kila mmoja apate zamu yake ya joto. Hakuna anayekaa katikati usiku kucha. Mama akirudi na chakula, humtambua mumewe kwa sauti, kisha baba huenda baharini kula.

ZAMANI BARAFU ILIZIDI, LEO YAPUNGUA

Mwaka 1959 mataifa kumi na mawili, Ubelgiji mmojawapo, yalitia sahihi mapatano juu ya Antaktika: nchi ile itumike kwa amani na elimu tu, bila vita. Mapatano ya Madrid ya 1991 yakaongeza ulinzi wa viumbe wake. Siku hizi mgeni azuruye mji wa pengwini husafisha viatu vyake kwanza, husimama meta tano mbali nao, na pengwini akitaka kupita, mtu ndiye ampishaye njia. Hakuna ruhusa ya kumshika, sembuse kumla. Belgica yenyewe ilizama mwaka 1940, wakati wa vita, pwani ya Norwei.

Lakini ulinzi huo hauzuii joto. Kumbukeni bahari ya Bellingshausen, ile iliyoifunga merikebu isipate pa kutokea. Mwishoni mwa mwaka 2022, wataalamu wakitazama kwa vyombo vilivyoko angani, waliona barafu ya bahari hiyohiyo imevunjika mapema. Katika miji mitano ya pengwini wakubwa iliyokuwapo, minne ilipoteza watoto wake karibu wote. Mtoto wa pengwini huzaliwa na manyoya laini yasiyozuia maji. Barafu ikivunjika chini yake kabla hajaota manyoya ya kweli, huzama au hufa kwa baridi. Baba alisimama siku 65 bure.

Wala tusiseme ni mambo ya mbali. Bara letu nalo lina pengwini wake, mdogo, mwenye mstari mweusi kifuani, akaaye pwani za Namibia na Afrika Kusini. Mwaka 2024 alihesabiwa miongoni mwa ndege walio karibu kabisa na kutoweka. Samaki wadogo anaowala wamepungua, kwa kuwa bahari inabadilika na nyavu za watu ni nyingi.

Watu wa Belgica walikula pengwini wakapona, wakarudi kwa watoto wao. Tangu mwaka 1899 deni hilo lipo. Na wewe, msomaji, siku mawingu yatakapofunuka juu ya Ruwenzori, waite watoto nje, uwaonyeshe ile kofia nyeupe ya mzee. Waambie waitazame vizuri, wakumbuke ukubwa wake, ili siku moja waweze kuwasimulia wajukuu ilikuwaje.